Kurekebisha Wepesi wa Pedi za Dramu za Umeme kwa Mikono ya Watoto

Mwalimu anayefundisha mapigo ya muziki katika shule ya msingi hupima mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtoto amepiga kwa wakati uliotakiwa, na kwamba amepiga kwa nguvu iliyotakiwa. Kwa ngoma ya ngozi upimaji huo hauna matata. Mtoto akiigusa chapuo kwa ncha za vidole, chapuo hutoa sauti ndogo. Akiipiga kwa kiganja kizima, husikika hadi uani. Dramu za umeme haziko hivyo. Baina ya mkono wa mtoto na sauti inayosikika pana kifaa kinachoamua kama pigo lihesabiwe kuwa pigo au lisihesabiwe, na kifaa hicho hutoka kiwandani kikiwa kimewekewa vipimo visivyomjua mtoto wa darasa la pili.

Athari yake darasani si ndogo. Mtoto anayepiga sawasawa lakini kwa mkono mwepesi, akapiga mara nne na chombo kikalia mara mbili, huonekana mbele ya wenzake kuwa hajui kuhesabu. Mwalimu asiyekijua chombo humwambia arudie. Akirudia mara tatu na pedi ikanyamaza mara tatu, mtoto mwenyewe ataamini kwamba muziki si wake, na imani ya namna hiyo ikishaingia ni kazi kubwa kuitoa. Kwa hiyo tunasema mapema kwamba kurekebisha wepesi wa pedi si kazi ya fundi wa vyombo peke yake. Ni sehemu ya maandalio ya somo, kama ilivyo kufuta ubao na kuhesabu vitabu.

Dramu hizi hupatikana katika makanisa, katika kumbi za muziki na katika baadhi ya shule, na mara nyingi huwa zimepokewa kutoka kwa mtumiaji wa kwanza bila kitabu chake cha maelezo. Mwanachuo atakayepangiwa shule yenye chombo cha namna hiyo atakuta vitufe vingi na majina ya Kiingereza yaliyofupishwa kwenye kioo kidogo. Tutajaribu kueleza kazi ya kila kipimo kwa namna itakayomwezesha kukitambua hata pale jina lake litakapokuwa limeandikwa vingine.

Pedi husikia vipi?

Pedi haina sauti yake yenyewe. Chini ya mpira au wavu unaopigwa kumewekwa kisahani chembamba cha metali kilichopakwa kauri ya aina maalumu. Kauri hiyo ina tabia ya kutoa umeme kidogo kila inapobanwa au kutikiswa. Tabia hiyo ilionyeshwa mwaka 1880 na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walipokuwa wakichunguza fuwele, na kutokana nayo kisahani chenyewe huitwa piezo. Pigo dogo huzaa umeme mdogo, pigo kubwa huzaa umeme mwingi zaidi. Umeme huo hupita katika waya mpaka kwenye moduli, yaani kile kisanduku chenye vitufe. Moduli huutazama kwa milisekunde chache tu, hutafuta kilele chake, kisha hukigeuza kilele hicho kuwa namba. Kwa utaratibu uitwao MIDI, ambao watengenezaji wa vyombo vya muziki waliukubali mwaka 1983, namba ya nguvu ya pigo huwa kati ya 1 na 127. Namba hiyo ndiyo inayoamua sauti itoke ndogo au kubwa, na katika vyombo vizuri huamua hata kama itoke laini au kali.

Pedi zilizovuma katika miaka ya 1980, zile za pembe sita za kampuni ya Simmons ya Uingereza zilizotolewa mwaka 1981, zilikuwa za plastiki ngumu, na wapigaji walilalamika kwamba ziliumiza viwiko na viganja. Mwaka 1997 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa seti yenye pedi za wavu, ambazo hurudisha kijiti karibu kama ngozi. Seti nyingi za bei nafuu zina pedi za mpira. Tofauti hizo zina maana kwa mwalimu, lakini kanuni ya kupima pigo ni moja katika zote.

Mizani ya magunia na mizani ya pilipili

Vipimo vitatu vikuu vya moduli hueleweka upesi vikilinganishwa na mizani ya dukani.

Kipimo cha kwanza ni kizingiti. Mizani ya kupimia magunia ya mahindi haishtuki ukiiwekea punje chache za pilipili manga. Si kwamba pilipili haina uzito, bali uzito wake haukuvuka mahali ambapo mizani huanza kuhisi. Moduli nayo ina mahali pake pa kuanzia. Umeme wowote ulio chini ya hapo hutupwa, kana kwamba hakuna aliyepiga. Watengenezaji hawakuweka kizingiti kwa ukaidi. Bila hicho, pedi ingelia kwa kila mtikiso wa sakafu, na kwa kila mtoto anayeegemea meza iliyo karibu. Lakini kizingiti kikiwa juu mno, huwakata watoto wenye mikono myepesi, nao hukatwa kimyakimya, kwa kuwa pigo lao halitoi hata dalili kwamba lilikuwako.

Cha pili ndicho wepesi wenyewe, yaani kiasi ambacho mshale wa mizani husogea kwa uzito fulani. Katika moduli kadhaa za Roland wepesi huo huhesabiwa kutoka 1 hadi 32; katika vyombo vingine hesabu ni nyingine, lakini kwa kawaida namba kubwa humaanisha kwamba pigo lile lile litasomwa kuwa na nguvu zaidi. Hapa ndipo walimu wengi hukosea kwa nia njema. Wakiona mtoto hasikiki, hupandisha wepesi mpaka mwisho, nao hufurahi kwa kuwa sasa kila pigo linasikika. Lakini tufikiri juu ya mizani iliyorekebishwa hivi kwamba kilo moja tu husukuma mshale hadi ukingoni. Juu ya mizani hiyo kilo moja na kilo kumi zitasomeka sawa. Ndivyo pedi inavyokuwa: pigo la kawaida hutoa 127, pigo kubwa hutoa 127, na mtoto aliyekuwa akijifunza kutofautisha sauti ndogo na sauti kubwa hana tena la kujifunza. Tumemwondolea ukimya tukampa kelele. Kwa mawazo yetu hasara hii ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa haionekani. Darasa lina shangwe, kila mtu anasikika, na nusu ya somo imepotea.

Inafaa kutenga wepesi na sauti ya jumla, ile inayoongezwa kwa kitufe cha duara kilicho mbele ya moduli au kwenye amplifaya. Kitufe hicho huongeza sauti ya mapigo yaliyokwisha kukubaliwa. Pigo lililotupwa halifufuki kwa kuongeza sauti. Alama ya kutambua tatizo ni rahisi: ikiwa mapigo yote yanasikika lakini kwa udogo, ongeza sauti; ikiwa baadhi yanasikika na mengine hayapo kabisa, tatizo liko kwenye vipimo vya pedi.

Kipimo cha tatu ni uwiano baina ya nguvu ya mkono na namba inayotoka. Moduli nyingi humpa mtumiaji mistari kadhaa ya uwiano wa kuchagua, na kwa kawaida mstari ulionyooka ndio unaofuata mkono kwa uaminifu. Iko mistari iliyopinda kwa namna inayoyainua mapigo madogo ilhali mapigo makubwa hubaki yalipo. Huo ndio humfaa mtoto ambaye ameshavuka kizingiti lakini sauti yake ni ya kunong'ona. Upo pia, katika moduli kadhaa, uwezo wa kuamuru kila pigo litoe namba moja tu bila kujali nguvu. Wako watakaoukataa kabisa uwezo huo. Sisi hatuoni ubaya kuutumia katika vipindi viwili vitatu vya mwanzo, wakati somo ni kuhesabu tu, mradi uondolewe kabla ya kuanza somo la sauti ndogo na kubwa.

Kabla ya kugusa vitufe

Mambo mengi yanayodhaniwa kuwa ya vipimo huwa ni ya kiti. Mtoto mfupi akikalishwa juu ya kiti cha mtu mzima, au akisimamishwa mbele ya pedi iliyoinuliwa hadi kifuani, kijiti chake huangukia ukingoni badala ya katikati, na pedi nyingi husikia hafifu ukingoni. Basi kwanza mwalimu ashushe stendi, ainamishe pedi kidogo kuelekea kwa mtoto, na ahakikishe kwamba kiwiko kinakaa huru kando ya mwili. Vijiti navyo viangaliwe. Kijiti kinene kilichochongwa kwa mkono wa mpigaji wa bendi ni mzigo kwa mtoto wa miaka saba, ambaye atakishika kwa ngumi na kukiangusha badala ya kukipiga.

Kisha waya. Plagi iliyolegea huleta mapigo yanayopotea ovyo, mara yapo mara hayapo, na hakuna kipimo kitakachoponya hilo. Waya wa pedi inayosikika vizuri uchomekwe kwenye pedi inayolalamikiwa. Tatizo likihama pamoja na waya, waya ndio mgonjwa. Aidha, moduli huwa na mahali pa kuiambia ni pedi ya aina gani iliyounganishwa nayo. Ikiwa imeambiwa ni ya wavu hali ni ya mpira, itaipima kwa mizani isiyo yake. Pedi za wavu ziangaliwe pia kama wavu umekazwa sawasawa pande zote. Skrubu hukazwa kwa kuvuka, ya upande huu kisha ya upande unaoikabili, kidogo kidogo, kwa sababu wavu uliolegea hutikisika muda mrefu na kuzaa mapigo ya uongo.

Baada ya hapo mwalimu afungue daftari aandike namba zote anazozikuta, kabla hajabadilisha hata moja. Chombo cha shule mara nyingi hutumiwa na kwaya au bendi pia, na si adabu wala si busara kumwachia mpigaji mwingine chombo asichokitambua.

Utaratibu wa kurekebisha

Tunapendekeza kuanza na kizingiti. Kishushwe mpaka chini kabisa, kisha mwalimu akae kimya asikilize, huku msaidizi akitembea karibu na chombo na kugonga sakafu kwa kisigino. Pedi ikilia bila kupigwa, kizingiti kipandishwe hatua moja, asikilize tena. Pedi itakaponyamaza, hapo ndipo mahali pa kizingiti. Kisipandishwe zaidi kwa ajili ya usalama tu, kwa maana kila hatua ya ziada inamfungia nje mtoto fulani.

Baada ya kizingiti waitwe watoto. Jambo hili ndilo tunalotaka wanachuo walishike kuliko mengine yote: mkono wa kurekebishia wepesi si mkono wa mwalimu. Mwalimu akipiga mwenyewe, hata akijitahidi kupiga kidogo, kijiti chake kina uzito na mazoea ambayo mtoto hana. Ateue watoto wawili, mmoja mwenye mkono mwepesi kuliko wote darasani na mmoja mwenye mkono mzito kuliko wote. Wa kwanza apige kwa namna anayoiona kuwa ya kawaida, bila kuhimizwa, na wepesi upandishwe mpaka mapigo yake yote kumi yasikike. Kisha wa pili apige kwa nguvu zake zote. Moduli nyingi huonyesha kwenye kioo mstari unaopanda na kushuka kwa kila pigo. Mstari wa mtoto wa pili ufike karibu na mwisho, na kuugusa mwisho kwa mapigo makubwa kabisa tu. Ukiwa unagota kila mara, wepesi umezidi, hauna budi kushushwa. Na endapo baada ya kushushwa mtoto wa kwanza atapotea tena, suluhisho ni kuchagua mstari wa uwiano unaoyainua mapigo madogo, badala ya kuvutana na wepesi mbele na nyuma.

Uteuzi wa watoto hao wawili unahitaji uangalifu. Ukitangaza mbele ya darasa kwamba unamtafuta mpigaji dhaifu kuliko wote, utakuwa umeharibu kile ulichokusudia kukijenga. Watoto wote waite mmoja mmoja wapige mapigo manne, wewe ukitazama kioo na kuandika, nao wakijua kwamba kinachopimwa ni pedi. Kisha waambie hivyo waziwazi: leo tunaipima dramu, hatuwapimi nyinyi. Kwa darasa la watoto hamsini kazi hiyo haimalizi nusu saa, na katika nusu saa hiyo mwalimu atakuwa amesikia mkono wa kila mtoto, jambo ambalo vipindi vingi vya kawaida haviwezi kumpa.

Yako matatizo mawili yanayojitokeza baada ya wepesi kupandishwa. La kwanza ni pigo moja kutoa sauti mbili. Kijiti kimegusa mara moja, lakini mtikiso haujatulia, na moduli inahesabu mara ya pili. Kwa hilo kuna kipimo kinachoiamuru moduli izibe masikio kwa milisekunde chache baada ya kila pigo. Kiongezwe kidogo tu; kikizidi, mapigo ya haraka ya kweli nayo yatamezwa, na mtoto hodari wa mkono atageuka kuwa ndiye anayekosewa. La pili ni pedi kuitikiana: unapiga hii, na ile iliyofungwa kwenye stendi ile ile inalia kwa mbali, kwa kuwa mtikiso umesafiri katika chuma. Kipo kipimo cha kuzuia hilo, ila tunashauri kwanza kukaza vifungo vya stendi na kuzitenganisha pedi zisigusane. Kinachoweza kuponywa kwa bisibisi kisitibiwe kwa namba.

Ngoma ya mguu inastahili maneno yake. Mguu wa mtoto mdogo mara nyingi haufiki vizuri kwenye pedali, au hufika kwa ncha ya kidole, hivyo pigo lake ni hafifu kuliko la mkono. Wepesi wa pedi hiyo utakuwa juu kuliko wa nyingine, na kwa hiyo itakuwa ya kwanza kushtuliwa na mitikiso ya nje. Juu ya jukwaa la mbao, watoto wenzake wakicheza au wakipiga miguu kufuata mdundo, ngoma ya mguu itaanza kujilia yenyewe. Mkeka mzito au kipande cha zulia chini ya stendi husaidia sana, nacho huzuia pia chombo kisiteleze kwenye sakafu ya saruji. Pedali ya yale matoazi mawili yanayofumba na kufumbua ina urekebishaji wake tofauti, ambao katika moduli nyingi hufanywa kwa kufuata maelekezo ya kioo wakati pedali imeachiwa na wakati imekanyagwa.

Darasa la pili si darasa la sita

Mikono hukua. Vipimo vilivyowafaa watoto wa darasa la pili vitawafanya wa darasa la sita wagote ukingoni kwa kila pigo, na wakubwa hao watazoea kupiga bila kufikiri, kwa kuwa chombo hakiwadai chochote. Katika moduli nyingi vipimo vya pedi ni vya chombo kizima. Kubadilisha sauti za seti, kutoka dramu za bendi kwenda tari au kengele, hakubadilishi wepesi wa pedi. Baadhi ya moduli zina nafasi kadhaa za kuhifadhi vipimo, na pale zilipo, nafasi moja ipewe madarasa ya chini na nyingine madarasa ya juu. Zisipokuwapo, daftari litatosha: ukurasa wa madarasa ya chini, ukurasa wa madarasa ya juu, na ule wa kwanza wenye namba ulizozikuta. Katika kila ukurasa yaandikwe majina ya pedi kwa mstari, na mbele ya kila jina kizingiti, wepesi, mstari wa uwiano na muda wa kuziba masikio. Aliyezoea kuzisoma namba hizo hubadilisha chombo kizima kwa muda wa dakika tano, kabla watoto hawajarudi kutoka mapumzikoni.

Mwalimu ahakikishe pia jinsi moduli yake inavyohifadhi mabadiliko. Iko inayoyahifadhi yenyewe, na iko inayotaka kubonyezewa kitufe, ambayo umeme ukikatika kabla ya hapo hurudi kwenye vipimo vya zamani bila kumwambia mtu. Kwa hiyo kila asubuhi ya siku ya somo pedi zote zigongwe mara moja moja kwa ncha ya kidole, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Ile isiyojibu ifunguliwe daftari lake.